Moto Umefika, Feni Haizunguki

Kwa miaka mingi fundi wa pikipiki mjini Voi hakuwa na haja ya kujua habari za rejeta. Hayo yalikuwa mambo ya wenzake wa malori, walioketi kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi wakisubiri magari yaliyopanda kutoka Pwani kupitia Mackinnon Road na Maungu. Lori lilifika likifuka mvuke, boneti wazi, utingo akikimbilia maji na jerikeni mkononi. Feni ya lori la wakati huo ilizungushwa kwa mkanda na injini yenyewe. Mkanda ukikatika, hata abiria aliuona. Fundi aliubonyeza kwa kidole, akajua kama umelegea.

Fundi mmoja aliyeanza kazi mjini hapo katika miaka ya 1990 anazikumbuka pikipiki alizoletewa enzi hizo: Yamaha za maafisa wa kilimo, Honda XL na Suzuki za wafanyakazi wa miradi. Zote zilipozwa na upepo. Silinda ilizungukwa na mbavu za alumini, na kuitunza isichemke kulimaanisha kukwangua tope jekundu lililokauka katikati ya mbavu hizo. Kazi hiyo alipewa mwanagenzi, kijiti mkononi, na hakuna mwanagenzi aliyeipenda.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Bajaj Boxer na TVS zikajaa, stendi za bodaboda zikachipuka hadi Mwatate na Kasigau. Hata hizo zilipozwa na upepo. Wateja waliongezeka, somo la joto lilibaki lile lile.

Waliolibadili ni wapita njia. Pikipiki kwa kawaida haziruhusiwi ndani ya hifadhi za Tsavo, kwa hiyo wenye pikipiki za safari huzunguka nje: Sagalla, Kasigau, milima ya Taita, kisha Taveta. Wakaja na Kawasaki KLR650, iliyoanza kuundwa mwaka 1987, na baadaye Honda CRF250L ya mwaka 2012, zote zenye rejeta. Kwenye lami ya kwenda Taveta upepo wa mwendo hutosha, na feni inaweza kufa mwenye pikipiki asijue. Siri hufichuka baada ya Mwatate, kwa anayepanda Wundanyi. Voi iko mita 600 hivi juu ya bahari, Wundanyi zaidi ya 1,400, na kona za kupanda huko hulazimisha gia ndogo. Mwendo ukishuka, kazi yote huangukia feni.

Feni hiyo haina mkanda. Ni mota ya volti 12, na anayeiamuru ni mwingine. Katika KLR za awali, swichi ya joto kwenye rejeta ndiyo inayofunga njia ya umeme maji yakipata moto. Fundi alijifunza kuchomoa waya wake na kuupa arthi, ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikizunguka, swichi imekufa. Isipozunguka, alikagua fyuzi, kisha akaipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Chombo chake kilikuwa balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili. Mtego mmoja ulimfurahisha: feni iliyofungwa nyaya kinyume huzunguka kwa kelele ile ile, lakini husukuma hewa mbele, dhidi ya upepo wa safari. Karatasi nyepesi mbele ya rejeta huonyesha. Ikivutwa na kunata, feni iko sawa.

Kisha kompyuta ikaingia. Katika pikipiki za kisasa sensa hupima joto la maji, ukinzani wake ukipungua kadiri joto linavyopanda, na kompyuta ya injini ndiyo inayowasha relei ya feni. Balbu ya zamani haifai kugusishwa ovyo kwenye nyaya hizo. Fundi akanunua mita, na michoro ya nyaya akaitafuta kwenye simu.

Mita hiyo ndiyo iliyomfunulia udhaifu wa balbu. Balbu hutaka umeme kidogo. Waya ulioliwa na kutu huweza kuiwasha vizuri, ilhali mota haipati nguvu ya kuzunguka. CRF moja iliyochemka ikipanda Wundanyi ilionyesha volti 12 plagi ya feni ikiwa imechomolewa. Fundi alipoirudisha, akapima tena mota ikidai umeme: 7 tu. Hitilafu ilikuwa kwenye bolti ya arthi, kutu chini ya rangi. Akaisugua kwa msasa, akaikaza, akaiacha injini ingurume pale pale hadi feni ikajiwasha.

Mwenye pikipiki, aliyekwisha kuulizia feni mpya Kirinyaga Road, Nairobi, alipotajiwa malipo alishangaa.

“Fundi, si umetumia msasa tu?”

“Msasa ni bure, boss. Unalipia saa mbili za kujua niusugue wapi.”