Mwendo wa Kalamu

Kila mwandishi ana mwendo wake wa kalamu, kama kila mtu alivyo na mwendo wake wa miguu. Mwendo huo huweza kumvuta msomaji, au kumchosha. Katika usomaji wangu sikuona mfano bora wa jambo hili kuliko *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichopigwa chapa mwaka 1951.

Wasiokipenda husema kuwa sentensi zake ni ndefu, wazo moja huvikwa mavazi matatu, na watu wake huhutubu badala ya kuzungumza. Lawama hizi si za uwongo. Lakini mimi hukisoma kwa sauti, na masikio hupokea kile ambacho macho yalikikataa: maneno yamepangwa kwa mizani, upande huu ukijibu upande ule. Tena urefu huo una kazi. Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno, anajitetea mbele ya mfalme kwa habari za wajumbe sita. Mshtakiwa hupima kila neno lake.

Basi, kijana, usikitupe kitabu kwa uzito wa ukurasa wa kwanza. Wala mwendo wake usiuige. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.