Shamba la Chini

Mkulima wa Unguja hasemi "udongo" akaishia hapo. Nimekaa kisiwani humu kwa zaidi ya miaka thelathini, na miongoni mwa mambo ya mwanzo niliyofunzwa na jirani yangu wa shamba ni kwamba kuna kinongo na kuna kinamo, kuna kichanga na kuna mchanga, na kwamba kichanga si mchanga mdogo, kama mgeni anavyoweza kudhani, bali ni udongo mwingine kabisa wenye tabia zake na mazao yake. Nilimsikiliza kwa furaha, kisha nikajaribu kumweleza udongo wa shamba letu la kwetu Kihagara. Nilishindwa. Kila neno aliloniazima lilifaa nusu tu. "Ni mchanga," nilimwambia. "Basi ni mkavu," akasema. "Hapana, umejaa maji." Akanitazama kama mtu anayetazama mwalimu aliyesoma hadi akapotea.

Naandika haya kwa sababu ya udongo huo, na kwa sababu ya wosia ambao baba yangu aliuacha juu yake, nami nikashindwa kuutimiza.

Kihagara iko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Siku hizi ni Wilaya ya Nyasa. Hadi mwaka 2012 tulikuwa sehemu ya Mbinga, na wazee wengi bado husema Mbinga. Nyuma yetu ardhi inapanda kuelekea milima ya Umatengo, mbele yetu ni maji, na kati ya hivyo viwili ndipo tunapoishi, tukila ugali wa muhogo kwa usipa, na kwa mbasa pale Mungu anapojalia. Baba alikuwa na vipande viwili. Shamba la juu lilikuwa mgongoni mwa nyumba, udongo mwekundu mzito wa mguu wa mlima. Shamba la chini lilikuwa bapa, jeupe, likiishia kwenye matete ya ziwa. Ukisimama pale mwezi wa Oktoba, mchanga unakuunguza nyayo na majani ya muhogo yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Rudi mwezi wa Aprili, chimba mpaka kiunoni, nawe utakuta maji yanakusubiri. Ndugu yake baba, yaani baba yangu mdogo, alikuwa akiliita shamba lenye kinywa kikavu na miguu iliyolowa.

Jambo hili lilinisumbua tangu utotoni. Tuliambiwa shuleni kwamba mchanga hupitisha maji upesi na mfinyanzi huyazuia, na mtihani ukiuliza, hilo ndilo jibu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Punje za mchanga ni kubwa, nafasi baina yake ni kubwa, na mvua ikinyesha maji hushuka bila kuulizwa. Swali ambalo hakuna aliyetuuliza ni hili: yakishashuka, yanakwenda wapi? Kinamo huyashika maji kwa uchoyo wake. Mchanga wetu haukuwa na uchoyo hata kidogo. Mlango wake wa mbele ulikuwa wazi, ila wa nyuma ulikuwa umefungwa. Chini yake yamekaa maji ya ardhini, na hayo hayawezi kushuka kupita usawa wa ziwa, kwa kuwa ziwa ndilo mwisho wa safari yake. Wakati wa masika maji kutoka milimani huja kwa chini, yakakuta ziwa nalo linapanda, basi huinuka ndani ya mchanga kimyakimya, huku juu mtu anatembea pakavu. Kiangazi yakirudi chini, mchanga wenye punje kubwa hauna nguvu ya kuyavuta tena hadi kwenye mizizi. Mmea hufa kwa kiu, na maji yako mita moja unusu chini yake.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikutana na kitabu cha Kimarekani cha elimu ya udongo, na humo nikaona kwamba wenzetu wameipanga ardhi katika madaraja saba kwa namna inavyoachana na maji: kutoka ile inayoyamwaga kupita kiasi hadi ile isiyoyamwaga karibu kabisa. Katikati ya ngazi hiyo kuna daraja la ardhi ambayo si kinamasi wala si kavu, ambayo hukaa na maji karibu na uso wake kwa muda mrefu wa msimu wa mazao. Katika mbuga zao kuu za majani kuna tambarare za mchanga za namna hiyo, kama zile za bonde la mto Kankakee huko Indiana na Illinois. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Kulikuwa na watu upande wa pili wa dunia waliokuwa na shamba la baba yangu!

Wao walilitibu kwa mitaro. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walizika mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba yao, wakachimba mifereji, na huko Indiana wakaunyoosha mto Kankakee wenyewe, uliokuwa ukijipinda katika kinamasi kikubwa, mpaka ukawa kama mfereji mmoja mrefu. Kinamasi kikaondoka, nafaka zikaja. Samaki na ndege wakaondoka nacho. Sijui kama ningefurahia au ningelia, ningekuwa mvuvi wa huko.

Baba naye aliwahi kuchimba mtaro, pasipo kitabu. Ulikuwa mwaka 1979, nami nilikuwa na miaka 11. Muhogo wa shamba la chini ulikuwa unaoza. Ukiung'oa unakuja laini, una harufu, na maji yanatiririka mkononi. Alichimba kutoka katikati ya shamba hadi ziwani, siku tisa, mimi nikizoa mchanga uliokuwa ukibomoka na kurudi alikoutoa. Siku ya kumi akafungua mdomo wa mtaro kwenye matete. Maji yakaingia. Hayakutoka, yaliingia. Ziwa lilikuwa juu kuliko shamba. Baba alisimama na jembe lake, akatazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, na sisi tukacheka kwa kuwa yeye alicheka. Miaka ile, 1979 na 1980, Ziwa Nyasa lilifikia kimo ambacho hakijaonekana katika kumbukumbu zote zilizopimwa. Mtaro hauwi na faida ikiwa hauna mahali pa chini zaidi pa kumwagia, na sisi mahali petu pa chini palikuwa pamepanda.

Tangu hapo aliacha kushindana nalo. Alianza kuinua matuta, marefu na mapana kuliko ya majirani, ili mizizi ya muhogo ikae juu ya maji. Na kwenye vibonde akapanda mpunga. Wale wa juu, Wamatengo, wana ngoro zao, vile vishimo vilivyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, vinavyozuia mvua isikimbie na udongo wao. Wao wanahangaika maji yasiondoke, sisi tunahangaika yasibaki, na maji ni yale yale. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba aina za udongo kutoka kileleni hadi bondeni zimeungana kama pete za mnyororo, kila moja ikiwa vile ilivyo kwa sababu ya ile iliyo juu yake. Neno alilochagua, katena, maana yake ni mnyororo kwa Kilatini, na limeenea duniani kote kutoka hapa kwetu. Sijaona mahali pengi ambapo mnyororo huo ni mfupi na dhahiri kama Kihagara. Unaweza kuutembea wote kabla chai haijapoa.

Sasa nirudi kwenye wosia.

Babu yake baba, ambaye baba alipewa jina lake, alizikwa shamba la chini, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Msomaji atashangaa, lakini katika miaka ile ziwa lilikuwa mbali. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi lilikuwa limeshuka mno hata halikumwagika tena katika mto Shire, ambao ndio mlango wake wa pekee. Mdomo wa mto ule ukazibwa kwa mchanga na matete. Kati ya kimo cha chini cha wakati ule na kile cha 1980 kuna tofauti ya zaidi ya mita 6. Kwa hiyo mzee yule alilazwa pakavu, na maji yakamfuata baadaye. Baba alitaka alale karibu naye. Alinieleza mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono ili nisijifanye sikusikia.

Alifariki Aprili mwaka 2011. Nilivuka kutoka Unguja, nikapanda basi hadi Songea, nikaunga Mbinga, nikateremka ziwani kwa gari lililobeba magunia na watu bila kubagua. Nilifika siku ya tatu alfajiri. Baba mdogo alinipokea, tukalia, kisha akaniambia kwa upole kwamba vijana wameanza kupima kaburi shamba la juu, nyuma ya nyumba.

"Baba mdogo, marehemu alisema chini," nikamwambia.

"Najua alivyosema, mwanangu."

"Basi tuchimbe chini."

Angeweza kunikataza, ndiye aliyekuwa mkubwa. Hakunikataza. Aliwaita vijana wanne, tukashuka pamoja. Uso wa mchanga ulikuwa mkavu kabisa, nami nilimtazama kana kwamba nimeshinda kesi. Walipofika magotini, akawasimamisha, akashuka mwenyewe ndani ya shimo, akanionyesha ubavuni kwa kidole. Palikuwa na madoa ya rangi ya kutu, mengine yamefuata njia za mizizi iliyokufa. Chini ya hapo mchanga ulikuwa wa kijivu, umefifia kama nguo iliyofuliwa mno.

"Hapa ndipo yanapofika," akasema. "Hapa yanapanda na kushuka. Pale pa kijivu hayaondoki upesi."

Mimi ndiye mwalimu wa jiografia. Nilijua, na nimewafundisha wengine, kwamba maji yakijaza nafasi zote hewa hutoweka, vijidudu vya udongoni huanza kukitumia chuma badala ya hewa, na chuma hicho huyeyuka na kuondoka, kikiacha mchanga wa kijivu. Na kwamba maji yakishuka hewa hurudi, chuma kikapata kutu. Nilijua ile kutu ni alama ya kimo cha maji, sawa na mstari ambao mafuriko huuacha ukutani. Nilijua yote hayo. Nikasema waendelee.

Wakaendelea. Walipofika kiunoni maji yalianza kutoka kwenye kuta, si kwa kububujika, ila kwa kulowesha, mchanga ukawa unang'aa. Kisha ukuta wa upande wa ziwa ukaanguka wote kwa pamoja na kumfukia kijana mmoja hadi mapajani. Walimtoa, akacheka kwa hofu. Shimo lilikuwa limekuwa pana kama dimbwi. Wakajaribu kuliteka kwa ndoo. Kila ndoo iliyotoka, nyingine ilikuwa imeshaingia. Kengele ya kanisa ililia, na juu, nyumbani, niliwasikia shangazi zangu wakiimba, wakingoja. Nadhani ni sauti zile, zaidi ya maji, zilizonifanya niseme basi.

Tulimzika shamba la juu, saa kumi na moja jioni, katika udongo mwekundu uliosimama wima kama ukuta wa matofali. Kaburi lilikuwa zuri. Hilo halikunifariji.

Kwa miezi kadhaa sikuwa na amani. Hakikuwa kile kiapo kilichovunjika tu; kulikuwa na swali. Baba alilima shamba lile zaidi ya miaka hamsini. Kutu ile aliisoma kila alipoinua tuta. Iweje mtu anayejua kimo cha maji kwa kila mwezi amwagize mwanawe amlaze ndani yake? Niliporudi Oktoba ya mwaka ule ule, nilimuuliza baba mdogo. Tulikuwa tumekaa kwenye matuta, akitafuna muhogo mbichi.

Hakufikiri sana. "Kaka alitegemea kufa kiangazi," akasema.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka, kisha akanyamaza, akasema ni kweli, walikuwa wamelizungumza. Baba alikuwa amemwambia: ikiwa ni Septemba au Oktoba, chini; ikiwa ni masika, msimsumbue mtu. Nusu ya pili ya wosia aliiacha kwa nduguye. Kwangu aliiacha ile ya kwanza tu, labda kwa kudhani kwamba mwalimu angeikamilisha mwenyewe.

Nikaomba jembe. Hatua tano kutoka kwa babu yake nilichimba peke yangu, nikapita madoa ya kutu, nikapita kijivu, mpaka mchanga ukanifika kifuani. Palikuwa pakavu. Unyevu nilioupata ulikuwa wa jasho langu. Baba mdogo alikuja akachungulia kutoka juu, akaniambia nitoke kabla ukuta haujaniangukia, kwa kuwa mchanga mkavu nao hauaminiki. Tulilifukia shimo pamoja, tukaipandisha ile sehemu kuwa tuta, naye akakata vipande vya mti wa muhogo akanipa nichomeke, vitatu vitatu, vikielekea ziwani.