Mkono wa Kushoto wa Mdogo Wetu



Kila asubuhi, nyuma ya kengele, ni sisi tunasimama mbele ya mistari na kusoma majina ya wenye makosa: huyu alichelewa, huyu hakufagia, huyu alizungumza wakati wa etudi. Wengi wenu munatuogopa juu ya ile karatasi. Leo tunaomba nafasi kidogo mu gazeti letu ili tusome jina moja ambalo halijasomwa bado. Ni jina letu wenyewe.

Nyumbani kwetu ni Kalemie, karibu na ziwa. Mama anauzisha ndakala sokoni. Hakusoma sana, lakini kila jioni anaomba kuona kaye za watoto, anageuza ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayehesabu feza. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka saba, yuko mu kalasi ya pili. Likizo ya Noeli, tulipofika na sanduku letu, Mama hakutuuliza hata habari ya safari. Alitutilia kaye mikononi, akasema: «We njo unasoma sana. Angalia hii. Huyu mutoto atakuwa mutu kweli?»

Tukaangalia. Herufi zingine zilipanda juu ya mstari, zingine zilianguka chini. b ilikuwa d, s iliangalia nyuma. Wino ulipanguzwa kila mahali. Mu dikte ya maneno kumi alimaliza ine tu. Chini mwalimu aliandika kwa biki nyekundu ya kama ni mvivu, na asipobadilika atarudilia kalasi.

Hatukumlaumu mwalimu wake. Tangu mwaka 2019, masomo ya msingi ya serikali yalipotangazwa kuwa bila malipo, watoto walijaa mu kalasi nyingi. Mule mwa mdogo wetu walikuwa 74, wane wane ku banki moja. Nani ataona mkono wa mtoto mmoja?

Lakini sisi tulikuwa na mtoto mmoja tu mbele yetu. Tuliona anakamata kalamu kwa mkono wa kushoto, tukasema: huu njo ugonjwa wenyewe. Kwetu mkono wa kushoto hausalimii mkubwa, haupokei kitu, hauingii mu sahani ya bugali. Tukafikiri ya kama mkono usio na heshima hauwezi kuwa na akili.

Sasa kosa letu ni hili. Tulikamata kipande cha kitenge cha Mama, tukafunga ule mkono ku kiti. Tukamwambia aandike mistari kumi kila siku kwa mkono wa kuume. Siku mbili za kwanza alilia. Siku ya tatu hakulia tena, na sisi tukajisifu ya kama dawa inaingia. Siku ya kurudi kwetu kwa internat, kaye yake ilipotea. Mama aliikuta nyuma ya nyumba, chini ya mifuko ya makala. Alipomuuliza, mtoto akajibu: «Sitaki tena kujua kuandika.» Na mbele ya ile likizo alikuwa anaandika majina ya mitumbwi kwa kidole, mu mchanga wa ziwa, bila mtu kumtuma. Tulisafiri na lile neno mu masikio.

Mwezi wa pili ikafika zamu yetu ya staji. Munajua: sisi wa pedagojia, mwaka wa mwisho, tunatumwa kufundisha watoto wa masomo ya msingi chini ya macho ya mwalimu wa kalasi. Tulipewa kalasi ya pili. Siku ya kwanza tulipita kati ya banki, tukakuta msichana mdogo anaandika kwa mkono wa kushoto, na maandiko yake yalikuwa mazuri kupita ya jirani zake. Tukataka kumsahihisha. Mwalimu, mama mmoja mwenye miaka mingi ya kazi, akatuita kando polepole: «Monsieur, umuache. Angalia kwanza namna anaikala.»

Alikaa ku mwisho wa banki, upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na kiwiko cha jirani. Kaye yake ilisogezwa kidogo upande wa kushoto wa kifua, na juu yake iliinamia upande wa kuume. Vidole vilikamata kalamu mbali kidogo na ncha, mkono ulitembea chini ya mstari. Hivi aliona neno analoandika, na hakulipanguza. Mwalimu akatueleza ya kama maandiko yetu yanatoka kushoto kwenda kuume. Mwenye mkono wa kuume anavuta kalamu na kuacha neno nyuma. Mwenye mkono wa kushoto anaisukuma, na mkono wake unapita juu ya wino mbichi. Asipoonyeshwa namna, anakunja mkono kama ndoana, anachoka upesi, anachafua ukurasa, na watu wanasema ni mvivu. Tena, kugeuza b na d, hata kuandika herufi kinyume, watoto wengi wa umri ule wanafanya, wenye mkono wa kuume vilevile. Kwa wengi inapita na mazoezi. Na karibu mtu mmoja katika kumi ni wa mkono wa kushoto. Mukahesabu banki za kalasi moja, mutaona si mdogo wetu peke yake.

Usiku ule mu dortwari usingizi ulikataa. Tulifungua kitabu cha Waamuzi, tukakuta Ehudi wa kabila la Benyamina, mtu wa mkono wa kushoto, na mbele zaidi watu 700 wa kabila lilelile waliotupa mawe kwa kombeo kwa mkono wa kushoto bila kukosa. Habari hizo tulifundishwa tangu utoto, na hatukufikiri hata siku moja ya kama mdogo wetu yuko mule ndani.

Likizo ya Pasaka tukarudi. Hatukumpa kaye. Tulienda naye ku ziwa, tukaikala mu mchanga, tukamwambia ya kama ule mkono tulioufunga, tulikosa, atusamehe. Ni vigumu mkubwa kuomba musamaha kwa mtoto wa miaka saba, kinywa kinakauka. Alituangalia sana, aone kama ni mchezo. Halafu akauliza: «Na wa kushoto itaandika?» Tukajibu ndiyo. «Na bugali?» Tukamwambia bugali na salamu, mkono wa kuume, juu ya heshima ya babu. Akacheka. Akaandika jina la mtumbwi mmoja mu mchanga, na b yake iliangalia nyuma. Tuliiacha vile, siku ile.

Hakukuwa muujiza. Mama alienda kumuona mwalimu kwa heshima, akaomba mtoto akae ku mwisho wa banki. Mara ya kwanza alikataa, mara ya pili alikubali. Juma lililopita Mama alitupigia ku simu ya mlezi wa internat: mu dikte ya maneno kumi, mtoto amemaliza kumi, na sita ni sawa. Kama atapita ao atarudilia kalasi, hatujui bado. Lakini kaye haijifichi tena.

Wenzetu wa pedagojia, kesho kutwa biki nyekundu itakuwa mu mikono yenu. Mbele ya kuandika neno «mvivu», mushuke kwanza mu banki muangalie mkono, kiwiko na kaye. Na ninyi wengine wenye wadogo nyumbani, musiende likizo na kitenge cha kufunga.

Juu ya ile karatasi ya asubuhi: tutaendelea kuisoma, ni kazi tuliyopewa. Lakini tangu sasa, mbele ya kuandika jina la mtu, tutamuuliza kwanza.

Ni sisi, mkubwa wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, Pedagojia.