Kantangaze na Lawama Zetu

Mwaka 2017, watafiti wa chuo kikuu cha kilimo cha Nanjing, China, walitangaza jaribio ambalo hadi leo sijaacha kulifikiria. Walichukua viwavi wa Spodoptera exigua, ndugu wa viwavijeshi, waliokuwa wakifa kwa urahisi kwa dawa za kundi la daiamaidi. Kwa CRISPR, zana ya kuhariri jeni, wakagusa jeni moja tu, wakabadilisha asidi amino moja kwenye protini moja. Mengine yote wakayaacha yalivyo. Wadudu hao wakawa sugu kwa dawa ya klorantraniliprole zaidi ya mara 200.

Kwa nini wahangaike hivyo, wakati badiliko hilo lilikwisha kuonekana shambani? Dawa hizo huung'ang'ania mlango wa kalsiamu kwenye misuli ya kiwavi. Mlango ukibaki wazi, misuli hukakamaa, kiwavi huacha kula na hatimaye hufa. Nondo wa kabichi wa Ufilipino na Thailand walipoanza kuzihimili, wataalamu walikuta mlango wao umebadilika kwenye nafasi ya 4946. Wengi wetu tungefunga jalada hapo. Lakini nondo wa shambani hutofautiana na wa maabara kwa mambo chungu nzima, na kukutwa kwenye eneo la tukio hakumfanyi mtu kuwa mwizi.

Adabu hiyo ya kulaumu ndiyo iliyonigusa kuliko teknolojia yenyewe, labda kwa sababu nimetoka kwenye ukoo wa wakulima wa nyanya. Mjomba wangu analima Ilula, na adui yake ni kantangaze, yule Tuta absoluta aliyetoka Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na kufika Tanzania mwaka 2014. Siku moja alinipa jani nilitazame kwenye jua. Kati ya ngozi ya juu na ya chini kulikuwa na baka jeupe lililochimbwa, vinyesi vyeusi vimerundikana upande mmoja, na kiwavi mwembamba wa kijani akiendelea kula bila wasiwasi.

"Mjomba, siku hizi dawa ni maji tu," akaniambia.

Ana washukiwa wengi: mwenye duka la pembejeo kamuuzia feki, kibarua kazidisha maji kwenye bomba, jirani kaacha masalia ya msimu uliopita yaoze shambani. Wote wanawezekana. Hata dawa nzima inaweza kumkosa mdudu anayeishi ndani ya jani. Shida ni kwamba mjomba hubadilisha kila kitu kwa mkupuo: duka jipya, vifuniko viwili badala ya kimoja, mara nyingine dawa mbili ndani ya bomba moja. Ikifanya kazi, chupa ya mwisho ndiyo hupata sifa. Nilipozigeuza chupa zake mbili za majina tofauti, nikakuta kwa maandishi madogo zote ni kundi namba 28, yaani daiamaidi. Alikuwa akipishanisha lebo.

Turudi maabara: watafiti wa Ugiriki walikwenda mbali kidogo kuliko wale wa Nanjing. Mwaka huohuo wa 2017 waliyajaribu mabadiliko ya aina inayoonekana kwa kantangaze sugu ndani ya inzi mdogo wa matunda, Drosophila, ambaye maabara zimemzoea. Badiliko moja walilolishuku, inzi huyo alikuwa nalo kwa asili yake. Basi wakaligeuza, wakampa umbo la protini la mdudu asiye sugu, na inzi akawa rahisi zaidi kufa. Mimi ushahidi wa namna hii huniridhisha: unaliweka, usugu unapanda, unaliondoa, unashuka.

Si kila mara mhusika huwa mmoja. Mwaka 2018 ilitangazwa kazi juu ya Helicoverpa armigera, kiwavi anayesumbua pamba, mbaazi na nyanya. Jeni tisa zinazokaa jirani, za kundi la CYP6AE, ziliondolewa zote pamoja. Viwavi wakadhoofika mbele ya baadhi ya viuatilifu, na pia mbele ya sumu za asili zinazotengenezwa na mimea. Kumbe ghala la silaha lilikuwepo kabla hatujajenga kiwanda cha dawa hata kimoja. Tunachofanya sisi na mabomba yetu ni kuua wasio na silaha, tukawaachia uwanja wenye nazo.

Nyumbani hakuna maabara. Mtoto wa dada yangu alishuka darasani, na ndani ya muhula mmoja akahamishwa shule, akatafutiwa mwalimu wa tuisheni, akanyang'anywa simu na kupimwa macho akapewa miwani. Akapanda. Shemeji yangu anaapa ni simu. Dada anasema ni tuisheni, na kila mwezi anailipia hata ikibidi kukopa. Bibi yake anasema ni maombi. Mimi nashuku miwani, ila siwezi kuthibitisha, na hakuna atakayekubali mtoto avuliwe miwani muhula mzima ili sisi wakubwa tumalize ubishi. Nilichopendekeza ni arudishiwe simu kwanza, mengine yabaki kama yalivyo, tuone matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula. Mtoto ameniunga mkono kwa nguvu zote. Baba yake bado anafikiria.