Yule Kuku Tuliyemcheka

Ndugu msomaji, kabla sijafika mbali naomba nikiri kosa langu. Nilicheka. Tulikuwa darasani, mwaka wa pili chuoni, kipindi cha historia ya sinema, feni imekufa na kila mtu anajipepea kwa daftari lake. Mwalimu akasimulia kisa cha kuku. Darasa zima likaangua kicheko, na mimi, mtoto wa Dimani, nikacheka kuliko wote.

Kisa chenyewe ni hiki. Enzi za ukoloni, mkaguzi mmoja wa afya alitengeneza filamu ya kuwafundisha wanakijiji wa Kiafrika kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba zao ili mbu wasizaliane. Mambo yalikwenda polepole mno: mtu anaokota kopo, anamwaga maji, anaokota jingine. Filamu ikaisha baada ya dakika tano hivi. Watazamaji wakaulizwa, mmeona nini? Wakajibu, tumeona kuku. Basi! Bwana mmoja, John Wilson, alikisimulia kisa hicho, naye Marshall McLuhan wa Kanada akakinukuu katika kitabu chake *The Gutenberg Galaxy* cha mwaka 1962. Tangu hapo kuku huyo anazungushwa darasa hadi darasa, awe ushahidi kwamba mtu asiyejua kusoma hawezi kuiona picha nzima.

Kwa nini nilicheka sana? Nitasema kweli. Chuoni sikuwa natoka Dimani. Nilikuwa natoka Mbagala. Ukisema Kibiti au Rufiji, wenzako wanaanza kukuuliza habari za mamba, eti mlikuwa mnakwenda shule kwa mtumbwi? Nikaona bora Mbagala, kwa shangazi, ambako kweli nilikaa miaka miwili. Sasa mtu aliyeficha kwao lazima acheke kwa sauti kubwa, asije akashukiwa.

Lakini usiku ule bwenini usingizi ulinipaa. Nikakumbuka somo letu la kwanza kabisa. Tulifundishwa kwamba tarehe 28 Desemba 1895, mjini Paris, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu fupi kumi, kila moja haifiki dakika. Mwaka uliofuata wakaonyesha ile ya treni ikiingia stesheni, na inasemekana watazamaji waliruka vitini wakikimbia wasikanyagwe. Mwalimu alituonya kuwa wataalamu wengi siku hizi wanalitilia shaka jambo hilo. Hata hivyo sisi hatukuwacheka watu wa Paris. Tulisema, "Aisee, sinema ina nguvu!" Mfaransa akikimbia treni ya kwenye kitambaa, sifa inakwenda kwa sinema. Mwanakijiji wa Kiafrika akimwona kuku, aibu inabaki kwa mwanakijiji. Hivi nani alitupangia kucheka huku na kustaajabu kule?

Wapangaji wapo, na mmoja wao ana historia hapa hapa nyumbani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani. Mabwana L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 kwa ajili ya Waafrika: za minyoo ya safura, za kodi, za kuweka akiba posta. Wakazitia ndani ya lori pamoja na mashine ya kuonyeshea, wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa mtu wa afya kutoka Nigeria. Yeye aliamini Mwafrika apewe picha za polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, bila ufundi wa kumchanganya. Kitengo kile kilifungwa mwaka 1955, ila imani yake haikufungwa nacho. Mie mwenyewe nilikuwa nayo, mfukoni, pamoja na kitambulisho cha chuo.

Likizo ilipofika nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu, nikashuka Kibiti, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Bibi nilimkuta barazani anachambua mchele kwa vidole. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Anaona mwanga na kivuli tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Huko mnasoma nini hata mnakonda hivyo?"

Nikamwambia nasoma sinema. Nilidhani atashangaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akija na ufito kututoa kwenye kibanda cha video tulipokuwa wadogo. Kibanda chenyewe kilikuwa makuti na jenereta, tukijibana kwenye mabenchi kuangalia picha za Kanumba na mikanda ya Kichina iliyotafsiriwa na Lufufu, naye anaongeza chumvi mpaka adui anakuwa kama jirani yako unayemfahamu. Aprili 2012, Kanumba alipofariki, mwenye kibanda hakuwasha jenereta. Na bibi yule yule wa ufito ndiye aliyesema, "Mwacheni apumzike, kawaliza wengi."

Bibi hakushangaa. Akacheka. "Sinema ya bure ilikuwapo kabla yenu," akasema. Akanihadithia gari la sinema lililokuja akiwa msichana: shuka jeupe limefungwa kati ya miembe miwili, watu wamekaa pande zote mbili za shuka, na mkalimani ameshika kipaza sauti. Mkalimani huyo, anasema bibi, watu walimpenda kuliko picha. Picha ikisema chimbeni choo, yeye anamtaja mzee fulani wa pale pale ambaye hana choo, na uwanja mzima unavunjika mbavu.

Nikaona nimpe na mimi kisa changu. Nikamweleza habari za maji yaliyotuama, na makopo, na kuku. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Mlicheka nini?"

"Kwamba waliona kuku tu, bibi."

"Kwani kuku hakuwamo?"

Hapo nikakwama. Maana kisa kile kina mwisho wake, na mwalimu aliusema, ila kelele zetu ziliufunika. Wale waliotengeneza filamu hawakujua kama kuku yumo. Ilibidi wauchunguze mkanda picha kwa picha, ndipo wakamkuta: kuku kakatiza pembeni kwa muda wa kama sekunde moja hivi.

Nikamwambia bibi hivyo. Akaacha kuchambua mchele.

"Mbu tunawajua. Maji tunayajua. Kopo kila mtu analo. Kuku kakurupushwa, lazima kuna kitu kilichomkurupusha. Sasa mtu kapiga picha yake mwenyewe, kuku hajamwona. Kipofu hapo nani?"

Akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake usiku nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Katika simu yangu nilikuwa na filamu iitwayo *Shout at the Devil*, ya mwaka 1976. Niliitafuta baada ya kugundua kwamba kisa chake kimechimbuka katika delta yetu: habari za Königsberg, ile meli ya Kijerumani ambayo wazee waliiita manowari ya bomba tatu. Septemba 1914 iliizamisha meli ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji kwa sababu mitambo yake ilikuwa mibovu. Vipande vya maboila yake vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo, na waliokokota ni Waafrika kwa mamia. Waingereza waliishambulia hadi mabaharia wake wakaizamisha wenyewe tarehe 11 Julai 1915. Filamu yenyewe haikupigwa Rufiji. Ilipigwa Malta na Port St Johns, Afrika Kusini, na meli imepewa jina jingine.

Bibi akasema, "Nitafsirie." Basi nikawa mkalimani, simu nimeiegemeza kwenye kinu. Nikamweleza wazungu wawili, mmoja mlevi, na Mjerumani mnene. Nikafika pale stelingi, Roger Moore, anapojipaka weusi ili apenye melini katikati ya vibarua.

"Kajipaka masizi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na Wajerumani hawakumtambua?"

"Hawakumtambua."

"Basi hao ndio waonyeshwe kuku."

Tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Kilikuwa kicheko kingine kabisa, si kile cha darasani. Kisha bibi akauliza kama waliokokota wamo. Nikamjibu watu weusi wamo, wanafanya kazi za sulubu, ila hadithi si yao. Akanyamaza kidogo. Ndipo akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulisema, labda kwa sababu sikuwahi kuuliza: babu yake mzaa baba alikuwa mmoja wao. Begani alikuwa na kovu la kamba, limeingia ndani kama mfereji, na watoto walikuwa wakilitilia maji ya mvua kuona kama yatatiririka.

Simu ikazima, chaji imekwisha. Sikuona hasara. Nikawasha koroboi, nikatafuta daftari.

Sasa likizo imebaki siku nne. Bibi anasimulia jioni, mimi naandika, na akinishuku kwamba nimeruka jambo ananirudisha nyuma. Tumefika ukurasa wa 19, na maboila bado hayajafika Kibiti. Tukifungua chuo nitaomba dakika kumi mbele ya wenzangu. Nitaanza kwa kusema natoka wapi.