Telefoni Iliyotengenezwa Upya

Siku hizi telefoni si anasa tena katika nyumba za mijini kwetu. Kwa telefoni mke wangu hupokea fedha za unga anaouza hapa Lubumbashi. Kwa telefoni wazazi hupata habari za shule, na wanafunzi wa darasa la mwisho hupata matokeo ya mtihani wa Taifa. Imekuwa mfuko wa fedha, barua na daftari kwa pamoja. Basi, betri ya telefoni yetu ya zamani ilipovimba hata kuinua mfuniko wa nyuma, tulikaa kuhesabu akiba yetu: dolari 170, zilizowekwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi minane.

Sokoni fedha hizo zingetupatia telefoni mpya ya namna hafifu, na pengine yenye jina la kampuni isiyoitengeneza. Mdogo wangu anayekaa Liège, katika Ubelgiji, alitushauri njia nyingine: tununue telefoni iliyotengenezwa upya katika soko la intaneti, naye aipokee na kumkabidhi msafiri anayerudi kwetu.

Wengi hudhani kwamba telefoni iliyotengenezwa upya ni sawasawa na ile iliyotumika tu. Sivyo. Iliyotumika huuzwa kama ilivyo. Iliyotengenezwa upya imepita mkononi mwa fundi: ameipima, amefuta habari za mwenyeji wa kwanza, amebadili kilichoharibika, nayo huuzwa pamoja na dhamana. Masoko ya namna hii yameenea sana Ulaya. Back Market, kwa mfano, lilianzishwa Ufaransa mwaka 2014. Lakini yafaa tujue ya kuwa kwa kawaida soko lenyewe si fundi. Ni kama mwenye uwanja: huwakutanisha wauzaji na wanunuzi, nalo hutwaa sehemu yake. Anayekuuzia ni mtu mwingine, na wauzaji hawalingani kwa ustadi wala kwa uaminifu.

Humo kila telefoni hupewa daraja, na madaraja hayo huhusu hasa sura yake: ina mikwaruzo mingi, michache, au haina kabisa. Mke wangu alipoona bei za daraja la juu aliniuliza, «Baba wa watoto, tunanunua sura au tunanunua kazi?» Neno lake lilikuwa la busara. Tulichagua yenye mikwaruzo, na fedha tuliyookoa tukaiongeza ili tupate ya miaka ya karibuni zaidi. Kwani telefoni yaweza kuwa nzima na bado ikawa imepitwa. Kampuni ikiacha kuipelekea programu mpya za usalama, wezi wa mitandaoni hupata mlango. Na mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika telefoni zenye Android 4.4, hata zile ambazo kioo chake kilikuwa hakijapata ufa.

La pili la kutazama ni betri. Betri huchoka kwa kujazwa. Kampuni ya Apple yaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake ziliundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa kikamilifu mara 500. Za iPhone 15 mara 1000. Kwa hiyo muuzaji mwema huandika wazi uwezo uliobaki, au huweka betri mpya.

Telefoni ya kwanza ilipofika Liège, mdogo wangu alitupigia jioni: «Yaya, inang'aa kama sahani mpya, lakini inanidai neno la siri la mtu nisiyemjua.» Ilikuwa na kufuli la mwenyeji. Kufuli hili limo katika iPhone tangu mwaka 2013, na katika Android tangu mwaka 2015: ukiifuta telefoni kwa nguvu, bado yamtaka mwenyewe. Muuzaji hakukana. Alitaka tu kuturudishia euro 20, tuichukue kama ilivyo na kunyamaza.

Hapo palikuwa na kishawishi. Fundi mmoja wa mtaani kwetu aliniambia kwamba aweza kulivunja kufuli hilo kwa dolari 15. Kwa hesabu ya daftari tungepata faida. Lakini telefoni ambayo mwenyeji hakuifungua kwa hiari yake, nani ajuaye ilivyomtoka mkononi? Labda alisahau, labda alinyang'anywa kituoni, kama wanavyonyang'anywa watu wetu hapa. Mke wangu alisema kwamba hataki kupokea fedha za wateja wake ndani ya mfuko wa mtu mwingine. Tukaamua irudishwe.

Sheria za Umoja wa Ulaya zilitusaidia. Anayenunua kwa njia ya intaneti ana siku 14 tangu apokee kitu, aweze kukirudisha bila hata kutoa sababu; na kwa vitu vilivyotumika, dhamana ya muuzaji haiwezi kupunguzwa chini ya mwaka mmoja. Fedha zetu zilirudi zote, tukanunua kwa muuzaji mwingine. Safari hii mdogo wangu aliitumia telefoni siku tano kabla ya kumpa msafiri: akatia kadi yake, akapiga, akapiga picha, akaitazama betri. Nasisitiza neno hili, kwani dhamana ile haivuki bahari kwa urahisi. Kasoro ikionekana Liège, hurudishwa kwa posta. Ikionekana Lubumbashi, nauli ya kuirudisha yaweza kula faida yote.

Wanafunzi wangu walipoiona waliuliza kwa nini mwalimu atumie kilichoachwa na Wazungu. Niliwajibu kwa somo la jiografia. Betri nyingi za telefoni zina kobalti, na mwaka 2024 zaidi ya asilimia 70 ya kobalti iliyochimbwa duniani ilitoka katika nchi yetu, hasa pande hizi za Kolwezi na Lubumbashi. Kimo ndani yake kitu ambacho pengine kilitolewa ardhini kwa jasho la jirani zetu. Telefoni itumikayo miaka mitatu zaidi inaiheshimu kazi hiyo kuliko ile itupwayo ingali nzima.

Wazazi, mkitaka kununua namna hii, someni kwanza maneno ya wanunuzi waliotangulia juu ya muuzaji, hasa malalamiko, mwone aliyajibuje. Dhamana iwe imeandikwa. Telefoni ikifika, pigeni *#06#. Itaonekana namba ya IMEI yenye tarakimu 15, nayo yapasa kupatana na ile iliyoandikwa katika hati ya kuuzia. Hati hiyo itunzeni pamoja na karatasi za nyumba, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Na mkiambiwa kwamba kufuli la mtu laweza kuvunjwa kwa fedha kidogo, irudisheni telefoni hiyo siku ileile.