Memori Kidogo, Diski Mbili



Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini kompyuta ya zamani inawaka nyumbani kwangu usiku na mchana, na hakuna anayekaa mbele yake. Ni seva ya faili: kompyuta moja inayotunza picha, sauti na karatasi za nyumba nzima. Simu zetu zinaifikia kwa Wi-Fi ya nyumbani, bila kununua mega.

Niliitaka kwa sababu sauti ya marehemu mama yangu, akisimulia jinsi familia yetu ilivyofika Katanga, ilikuwa katika simu moja tu, na kioo cha simu hiyo kilianza kuzima. Picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto na za hati ya kiwanja zilikuwa humo humo.

Pesa ilitoka kwa likelemba, na zamu yangu hairudi upesi. Fundi mjini Lubumbashi alinipa njia mbili: «Mama, tuongeze memori ifike giga 16, ao tununue diski ya pili?»

Memori, ile mafundi wanaita RAM, ni kama meza ya jiko: unaweka pale unachokata sasa. Diski ni ghala la mahindi. Umeme ukikatika, meza inafutwa, lakini ghala linabaki. Kompyuta inayotoa faili kwa simu tano haina upishi mkubwa. Kwa Linux, programu ya bure iliyoanza mwaka 1991, pamoja na Samba, giga 2 zinatosha, na giga 4 ni raha. Yangu ilikuwa na 4 tayari. Pesa yote ikaenda kwa diski.

Ya ukubwa gani? Tulihesabu. Picha moja ya simu ni mega 3 hadi 5. Diski ya tera 1 inabeba picha 200,000 za mega 5. Video ndizo zinazokula: dakika moja inaweza kufika mega 100, kwa hiyo arusi ya saa 3 ni giga 18. Kwa nyumba yetu tera 1 inatosha miaka mingi.

Kwa nini mbili? Diski yoyote itakufa siku moja, na haikuambii tarehe. Fundi alisema zinaweza kufungwa pamoja ili kila kitu kiandikwe kwa zote mbili kwa wakati mmoja. Nilikataa. Mtoto akifuta picha kwa moja, inafutika kwa nyingine pia, na mwizi anazibeba zote. Diski yangu ya pili inalala kwa dada yangu mjini, kilomita kama 30 kutoka hapa Kinsevere. Kila mwezi inakuja, inanakili, inarudi.

Tulichagua kompyuta ya mkononi iliyotumika, kwa kuwa betri yake inaishikilia umeme unapokatika katikati ya kuandika. Diski za nje ni zile ndogo zinazopata umeme kwa waya wa USB. Zile kubwa zinataka plagi yao.

Mkienda sokoni, mujihadhari na flashi ya bei ndogo iliyoandikwa tera 2. Nyingine zinadanganya: ndani ni giga chache tu, na faili zinazozidi zinapotea kimya. Ijazeni yote kwanza, kisha mfungue faili za mwisho. Zikikataa, irudisheni siku hiyo hiyo.

Karatasi zenyewe bado ziko ndani ya sanduku, maana picha ya hati si hati. Lakini juzi mjukuu wa miaka 4 alimsikia babu-mama yake akicheka, sauti ya mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Akaomba irudiwe mara tatu.